Notisi ya Mtani

Mzee Haule alinifukuza kwenye nyumba yake kila wiki kwa miaka miwili, na kila wiki nilimcheka. Ndiyo raha ya kupanga kwa mtani. Yeye Mngoni, mimi Mmakonde wa Kilambo ambaye bibi yangu alivuka Ruvuma na mtungi kichwani. Babu zake waliwakimbiza babu zangu mpaka wakapanda milimani, kwa hiyo akinikuta uani asubuhi ananiita mateka.

"Mateka, bado upo? Toka kwenye nyumba yangu!"

"Nitoke niende wapi, mkimbizi wa Kizulu wewe? Nikishakuzika ndiyo nitatoka."

Shikamoo haikuwahi kupita kati yetu, ingawa ana umri wa baba yangu.

Nilihamia Mikindani kwa sababu ya ua ule. Mimi ni mfinyanzi. Chumba cha kulala unapata popote, hata kule mjini, lakini ni mwenye nyumba gani atakuruhusu urundike makumbi ya nazi na kuwasha moto katikati ya ua wake? Nilizunguka mpaka ndala zikakatika. Mmoja aliniuliza kama nina mume wa kuuzima huo moto. Mzee Haule aliuliza kabila tu. Nilipomjibu akacheka mpaka akakohoa, akanipa ufunguo. Mkataba hatukuandika. Watani waandikiane nini?

Wakati ule nusu ya nyumba za mawe za Mikindani zilikuwa magofu ya kulala mbuzi. Tulianza kuja mmoja mmoja, maana kodi ilikuwa nafuu: wachonga vinyago, wasuka mikeka, kijana mmoja mchoraji asiyenyoa nywele. Tukapaka kuta chokaa, tukapanga kazi zetu barazani. Wageni wakaanza kusimamisha magari na kupiga picha. Nyuma ya wageni wakaja watu wa Dar es Salaam, wakasema mji huu una sanaa, kisha wakauliza bei za nyumba. Sanaa waliiona. Sisi wenye mikono yenye udongo, sijui kama walituona.

Mmoja wao aliitwa Gladness. Mwezi wa kumi na moja alikuja na mwenzake, wakakaa uani kwangu wakisifia kila kitu, hata jivu la pale ninapochomea. Alisema panapendeza. Nikamkaribisha maji ya mtungini, na nikamwambia arudi siku yoyote. Ukarimu mwingine ni upumbavu mtupu.

Wiki ileile Mzee Haule akasimama mlangoni. Somoe, jirani yangu muuza vitumbua, alikuwa amekaa nami.

"Mateka, mwisho wa mwezi utoke. Nimepata wapangaji wa maana."

"Wa maana kina nani? Wazulu wenzako?"

Somoe alicheka akashika mbavu. Mzee naye alicheka, ila alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilidhani anatafuta jibu la kunipiga nalo.

Nikaendelea na kazi. Nilikuwa nafinyanga mitungi ya maonyesho ya Desemba, mikubwa, kwa udongo niliouleta mwenyewe kutoka kando ya Ruvuma. Shingoni nilichora chale alizokuwa nazo bibi usoni. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, nasema wazi bila kujivunga. Mitungi ilikuwa bado mibichi, haijachomwa, inakauka polepole kivulini. Mtungi mbichi hausafirishwi. Barabara ikiutikisa unapasuka, na ukipata maji unarudi kuwa tope.

Siku ya mwisho ya mwezi kirikuu kikasimama nje, kimejaa magodoro na makochi. Gladness akashuka, na fundi mwenye kitasa kipya. Hata hapo nilianza kucheka. Mzee Haule hakucheka.

"Celia," akasema. Hakuwahi kuniita kwa jina langu. "Nilikuambia. Mbele ya Somoe nilikuambia."

"Uliniambia kama unavyoniambia kila siku!"

"Mimi nilisema. Wewe ndiye uliyecheka."

Nikamgeukia Somoe. Akainamisha kichwa. "Ni kweli alisema, dada. Lakini mzee, na wewe ulicheka."

Ndipo nikaelewa, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka. Alijua nitacheka. Alikosa uso wa kunikalisha chini na kuniambia kiungwana, akaitumbukiza notisi ndani ya utani wetu, akaenda zake kulala. Matusi yote ya miaka miwili hayakuniuma, lakini hilo liliniuma.

"Nipe wiki moja tu nichome mitungi yangu," nikamwomba.

Akamtazama Gladness. Gladness akasema moshi utaingia kwenye magodoro. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, "Lakini mitungi unaweza kuiacha, dada. Na lile jivu usilifagie. Wageni wetu watapenda kuona mahali msanii alipokuwa akifanyia kazi."

Alipokuwa. Nami nimesimama mbele yake.

Nikachukua ndoo, nikachota maji, nikaimwagia mitungi yangu. Wa kwanza ulijikaza kidogo, halafu shingo ikalala na chale za bibi zikayeyuka. Nililia, na sioni aibu kulisema. Hakuna aliyenizuia. Somoe akafunga khanga vizuri, akaja kunisaidia kuzoa tope na kulitia kwenye magunia, kisha akachukua ufagio akalifagia jivu lote.

Nilikuwa nimepata chumba kule Mtawanya kwa kupiga simu palepale, chumba kisicho na ua. Tulipomaliza kupakia magunia kwenye bajaji, Mzee Haule akatoka barabarani. Alijaribu kutabasamu.

"Mateka! Kumbe Mmakonde hawezi kubeba mtungi? Bibi yako si alivuka nao mto?"

Akangoja nimtukane. Nilimwona kabisa anavyongoja, kichwa kakiinamisha upande kama kila asubuhi. Nikafuta mikono kwenye khanga, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Tabasamu likamtoka.

"Marahaba," akasema, sauti ikiwa ndogo, na mimi nikapanda bajaji.