Meza ya Chini ya Dirisha

Jirani yetu, yule mshona mapazia, husimulia kwamba siku baba alipoondoka alikuwa anacheka. Anasema alimwona akikata kona na begi begani, akapunga mkono na kumwambia, "Shemeji, nikirudi nakuja na roboti ya kukushonea." Labda. Jirani huyu hamwachi mtu aende bila kumtungia maneno ya kuagia. Mimi nilichokiona ni mgongo wake tu, na ukosi wa shati uliojikunja upande mmoja. Nilitamani kukimbia nikaunyooshe.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba wiki mbili tu nyuma. Karakana alikokuwa akiunda roboti za watoto ilikuwa imefungwa. Watoto walishapata simu, nani tena angehangaika na skrubu? Alisema anakwenda kutafuta kazi kwa miezi mitatu. Ikawa miaka sita. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa, halafu mara mojamoja, halafu namba yake ikawa ya mtu mwingine, mzee mpole ambaye hakuchoka kuniambia nimekosea. Kuna siku nilimpigia makusudi, nisikie tu simu ikipokelewa.

Kisha upepo ukageuka. Walimu walichoka kuona watoto wakitelezesha vidole kwenye vioo, wakaanza kuagiza tena maboksi ya kuunda roboti. Hata watu wazima waliozichezea utotoni walikuja; mmoja alinunua matatu "ya wanangu", na alipoulizwa wana umri gani akaona haya. Karakana ilikuwa imefunguliwa tena, nami nikapata kazi ya kupakia vifaa kwenye maboksi. Magurudumu mawili, mota mbili, kipakiti cha skrubu, karatasi ya maelezo. Funga. Lingine.

Mwezi wangu wa pili kazini, shule moja ikarudisha maboksi yote. Roboti zao hazikwenda mbele. Zilizunguka palepale, kama mtu anayetafuta ufunguo aliodondosha. Mafundi wakabadilisha betri, wakazilaumu mota, wakalaumiana. Nilitazama siku mbili nzima kutoka kwenye meza yangu. Karatasi ilisema waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, pande zote mbili. Lakini mota zile zimepeana migongo. Ukizipa amri moja, hii itakwenda mbele na ile nyuma. Baba alinionyesha hayo sakafuni jikoni, ningali nang'oka meno. "Hii ya kushoto igeuzie nyaya," alisema. "Kila kitu inakiona kinyume, kama mama yako." Na mama akamtupia kitambaa cha sahani.

"Bosi," nilimwambia msimamizi, "mota ya kushoto igeuziwe nyaya."

"Wewe si wa kupakia wewe?"

"Ndiyo. Jaribuni kwanza, mtanicheka baadaye."

Hakuna aliyecheka. Jumatatu nikahamishiwa meza ya chini ya dirisha, ya kuunda na kujaribu. Ndiyo iliyokuwa ya baba. Alama za kuungua alizoziacha akilehemu zilikuwa bado zipo, nami nilizipapasa kila asubuhi kabla sijagusa kitu. Mafundi waliosomea kazi hiyo wakawa wanakuja kuniuliza. Mimi, wa darasa la saba! Nikaanza kutembea nikiwa nimeinua kichwa hata nikienda kuchota maji.

Alikuja mchana mmoja, wenzangu wakiwa wamekwenda kula. Alikuwa amekonda mno. Nilimtambua kwa namna alivyopangusa viatu mlangoni, mara tatu kila kimoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama, akaitazama meza. "Nilisikia kazi imerudi. Sikujua imerudi kwako."

Akaichukua roboti niliyokuwa nimetoka kuimaliza, akaigeuza tumbo juu, akaziona nyaya za kushoto. Akatabasamu peke yake. Nilitaka kumuuliza alikuwa wapi, alikuwa analala wapi, nani alikuwa anampikia. Nikamsogezea kiti. Hakukaa.

"Nimeongea na msimamizi," alisema. "Nafasi nyingine ya kuunda haipo, ni hiyo yako tu. Wewe hutafukuzwa, utarudi kwenye kupakia. Ila amesema mpaka ukubali mwenyewe." Akaishusha roboti taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. "Huko nilikokuwa nilibeba mizigo tu. Mgongo umekataa. Kazi nyingine siijui, mwanangu. Nipishe hapo."

Miaka sita nilikuwa nimeandaa la kumjibu, kwa kila neno ambalo angekuja nalo, isipokuwa hili.

"Mwanangu?"

Niliinama chini ya meza, nikaanza kutafuta skrubu ambayo haikuwa imeanguka.