Kumi na Mbili Zake

“Mkuu kasema niumwe leo, mwalimu.”

Bi Kipeo, mwalimu wa hesabu, alisimama ghafla. Msichana alikuwa ameketi kando ya bomba nyuma ya maktaba, sare imepigwa pasi, rula na bikari mapajani. Shule nzima ilimwita Taratibu, maana wenzake wakifika swali la tano, yeye bado yuko la kwanza anahakiki jibu.

“Uumwe nini?”

“Hakutaja. Kasema nichague mwenyewe.”

Loh! Mtihani wa mwisho wa hesabu unakaribia kuanza, na mtoto wa watu anaambiwa achague ugonjwa kama anachagua kitambaa dukani! Bi Kipeo hakuhitaji kufafanuliwa. Asiyefanya mtihani haingii kwenye wastani wa shule. Toa namba ndogo, wastani unapanda, Mkuu wa shule anapigiwa makofi kikaoni, na hakuna aliyejifunza hata jedwali la mbili. Taratibu alitaka uuguzi. Bila kufaulu hesabu, chuo kisingemfungulia hata geti.

“Mama yako anajua?”

“Kalia sana. Halafu kaninyooshea sare, kaniambia nenda tu.”

“Basi inuka, mwanangu. Twende.”

Ukumbini, safu ya mwisho ilikuwa na pengo. Meza yake ilikuwa imetolewa, imesukumwa barazani pamoja na ndoo na mifagio. Bi Kipeo aliishika kwa mikono miwili akaikokota, miguu ya chuma ikipiga kelele sakafuni hadi watahiniwa wote wakageuka. Aikokote kimyakimya kwa nini? Yeye ndiye aliyeiba?

Mkuu alikuja mbio, tai imemkaa upande.

“Mwalimu, unafanya nini? Huyu mtihani wa majaribio alipata alama kumi na mbili kwa mia. Kumi na mbili! Unataka kutuzamisha wote?”

“Kumi na mbili ni zake, Mkuu. Kazitolea jasho. Wewe umemfundisha lini?”

“Punguza sauti. Kuna mgeni.”

“Mgeni na asikie! Jioni zote nimekaa na mtoto huyu. Anagawanya kwa vijiti, anarudia, anakosea, anarudia tena. Leo aambiwe augue ili wewe upendeze?”

“Utahamishwa. Nakuapia.”

“Nihamishe. Na huko kuna watoto.”

Mgeni huyo, msimamizi aliyetoka shule nyingine, alikuwa amekwisha kusogea. Alimtazama Taratibu toka viatuni hadi usoni.

“Binti, unaumwa?”

Msichana alimwangalia Mkuu, akaangalia chini. Hapo Bi Kipeo hakuweza kumsemea.

“Hapana,” alisema Taratibu. “Siumwi.”

“Namba yako ya mtihani ninayo. Kaa.”

Kisha msimamizi akamgeukia Bi Kipeo, akamwonyesha mlango kwa heshima. Ndiyo kanuni: siku ya somo lako, hukanyagi ukumbini. Alitoka. Mkuu naye akatoka, wakasimama barazani, kila mmoja na dirisha lake.

Muda ulikwenda. Wenye mbio walianza kuweka kalamu chini, wakanyoosha vidole, wakaangalia dari. Taratibu aliinamia karatasi, kiwiko kikienda na kurudi. Mara kiwiko kikatulia. Akakaa hivyo, hasogei.

“Si nilikwambia?” alisema Mkuu.

Bi Kipeo alikuwa na hasira ya kumtosha mwaka mzima, na chini yake hofu, kwamba labda amemleta mtoto wa mwenzie kuaibika.

Taratibu akanyoosha mkono juu.

Msimamizi alimwendea, akainama kumsikiliza, akaitazama karatasi iliyojaa pande zote. Akarudi mezani kwake bila haraka, akafunua bahasha, akachomoa karatasi nyingine nyeupe ya kujibia, akampelekea.