Lita Nne za Dawa Kali

Mikono ya mama yangu mdogo ilipobabuka, msimamizi wa usafi hakutafuta dawa. Alitafuta kalamu. Aliandika kwamba mama huyu kachanganya dawa ya vyoo kwa uzembe wake, afukuzwe. Miaka kumi na tisa anasugua vyoo vya hoteli ile mpaka anajua kila kigae, leo anaitwa mzembe.

Mimi ndiye mtunza stoo. Asubuhi ile nilikuwepo. Dumu la zamani lilikuwa na tindikali asilimia tano, jipya asilimia thelathini, na maelezo yanataka vyoo visafishwe kwa asilimia kumi.

"Nusu kwa nusu," msimamizi alimwagiza. "Lita kumi hapa, lita kumi pale. Tusiumizane vichwa."

Tukaitwa kwa meneja. Mama mdogo, bandeji hadi kwenye viwiko, alinikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze. Sikunyamaza.

"Nusu kwa nusu inatoa asilimia kumi na saba na nusu," nilisema. "Karibu mara mbili ya inayotakiwa."

"Binti, hapa si darasani," msimamizi akacheka.

"Ndiyo maana watu wanaungua."

Meneja akanisukumia karatasi. Dawa dhaifu nikaiita d, kali nikaiita k. Lita zote ni ishirini: d + k = 20. Ukali nao lazima utimie, kumi mara ishirini: 5d + 30k = 200.

"Lita zote zikiwa dhaifu, tunapata mia moja," nikasema. "Bado mia nyingine kufika mia mbili. Kila lita ya kali ikichukua nafasi ya dhaifu, inaongeza ishirini na tano. Sasa mzee, mia gawa kwa ishirini na tano?"

Msimamizi alitazama dari kana kwamba jibu limeandikwa huko.

"Nne," alisema mama mdogo taratibu. "Nne za kali. Kumi na sita za dhaifu."

Mwanamke aliyeishia darasa la saba.

"Kwani nani kasema mimi niliagiza nusu kwa nusu?" msimamizi akafoka. "Huyu anamtetea ndugu yake tu."

Nikafungua daftari la stoo. Lita kumi, lita kumi, na sahihi yake imekaa pale chini, na mikia yake yote.

Meneja alilisoma daftari mara mbili, kisha akaichana barua ya kumfukuza mama mdogo. Nikashusha pumzi. Mapema mno.

"Haya, kazi yake anayo," alisema. "Ila wewe umemvunjia heshima mkubwa wako mbele ya watu. Mwombe radhi, yaishe."

"Sema tu, mwanangu," mama mdogo alininong'oneza. "Tupate kula."

Nilimtazama msimamizi. Vidole vyake kumi vilikuwa safi, vimetulia juu ya meza.

"Simwombi," nikasema. "Na kesho msiniite kuniuliza tena. Simwombi."