Mgagani wa Kando ya Ua

Hakuna mboga inayoweza kunidanganya mimi. Nipe jani moja tu, nitakwambia ni mnavu, kunde au mchicha, na aliyelipanda kwao ni wapi.

Hayo niliyasema mbele ya kikundi chetu cha bustani pale Alief, Houston, Machi 2004, wakanikabidhi kazi ya mgagani. Dada Jedidah, nesi wa Pearland, alikuwa amejifungua wiki ile, na kwao Kisii mzazi lazima ale mgagani apate nguvu. Mama yake alipiga simu kila asubuhi kuuliza kama ameshaupata. Mbegu tulikuwa tumezimwaga kando ya ua tangu Februari. Kazi yangu ilikuwa kuchuma tu.

Jumamosi niliwatangulia wenzangu. Nikaukuta umetanda kando ya ua, kila jani lina vidole vitano. Nikajaza mfuko huku nikijisifu kwa sauti.

Lakini mgagani una harufu. Ukiushika, mikono inanuka hadi jioni. Huu haukunuka. Nikausugua viganjani, nikanusa tena. Wapi. Nikajiambia labda maji ya Houston yameufundisha adabu. Nikatafuna jani: chungu. Na mgagani nao ni mchungu, kwa hiyo ndio kwanza nikachanganyikiwa. Nikaufuata ua hadi kwenye jua, nione uliokomaa unafananaje.

Ulikuwa umechanua. Si mboga kabisa: maua ya mwituni ya buluu yenye ncha nyeupe, yale yale ambayo Watexas husimamisha magari kando ya barabara kuu ili wawapige watoto wao picha katikati yake. Mimi nilikuwa nimechuma majani yake mfuko mzima, yakachemshwe na maziwa, ale mzazi.

Nikayafukia yote kwenye lundo la mboji, nikasawazisha juu kwa reki.

Bi Mwatime, mwenyekiti wetu, akaja na sufuria ya kupeleka Pearland. "Haya Kariuki, mgagani wa Jedidah u wapi?"

"Haujaota, Bi. Hii baridi ya mwaka huu."

"Hata jani? Mwana wa watu angoja kule."

"Hata moja. Ungekuwepo ningeuona, si unanijua?"

Fidèle, Mkongo anayetutengenezea mabomba, akatokea nyuma ya tangi la maji, anakunja mpira wa kumwagilia taratibu.

"Petit, mdogo wangu," akasema, "sasa kule kwenye mboji ulikuwa unamzika nani?"