Kikombe Changu ni Kipi

Seremala alisukuma mlango wa baa yetu ya zamani, Dereva akamfuata, nami nikabaki nyuma kwa makusudi. Miezi hii nimejifunza kubaki nyuma. Wenzangu wakikaa, nakaa palipobaki, wakicheka, nacheka. Aliyenishtukia ni binti yangu peke yake, naye ameshasema: nikisahau jambo kubwa mara moja tena, kibanda changu cha saa anakifunga. Miaka arobaini natengeneza saa za watu, leo nifungiwe kazi na mtoto niliyemfundisha mwenyewe kusoma saa? Na kijana wa Dereva ndiye aliyemuoa. Mdomo wa Dereva hauna breki.

Ndani palinipa moyo. Harufu ya mbao zilizolowa bia, benchi lenye mguu mfupi, kaunta yenye kiraka alichopiga Seremala siku Dereva alipoikalia ikapasuka. Habari hiyo niliisimulia mimi, mpaka rangi ya suruali iliyochanika, wakacheka hadi machozi. Nilijisikia kijana.

Mama mwenye baa, sasa kichwa kizima mvi, alisimama pale pale pake.

"Vyote nimevitunza," akasema. "Kila mtu achukue chake, kama zamani."

Nyuma yake kulikuwa na vikombe kumi na viwili vya bati, kila kimoja na msumari wake. Hatukuwahi kuandika majina. Mtu alikijua chake kwa rangi au pale kilipobonyea, na kugusa cha mwenzako kulikuwa kutafuta ugomvi.

Dereva akatungua chekundu, Seremala cheupe. Nikavitazama vilivyobaki, nisijue changu ni kipi.

"Fundi, unachagua mchumba?" Dereva akauliza.

Mikono yangu hutambua skrubu gizani, nikaiachia ichague yenyewe. Ikashika cha bluu.

Mama akaacha kufuta kaunta. "Hicho cha Mwalimu, baba," akasema taratibu.

Nikashusha pumzi. Kumbe ni hilo tu. Mwalimu ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

"Mwalimu hana neno," nikasema. "Akija nitamrudishia. Kwani leo kachelewa wapi?"

Nikamgeukia Dereva nikisubiri utani wake, nikamkuta anatazama viatu vyake. Hapo ndipo hofu iliponishika sawasawa. Nikapekua kichwani nikitafuta ugonjwa, kilio, kaburi. Sikuona kitu. Nilimwona Mwalimu tu, kakaa kwenye lile benchi, anafuta miwani kwa pindo la shati.

Seremala akakitoa kikombe mkononi mwangu, akakirudisha msumarini. Akatungua cha kijani, akanishikisha. Kilikuwa kimebonyea pembeni, na kidole gumba changu kikaingia pale bila kutafuta.

"Jeneza nilichonga mimi," akasema. "Tukalibeba, wewe mbele, mimi nyuma. Mwaka jana tu, ndugu yangu."

Nikakiweka kikombe juu ya kaunta. Nilijua Dereva amesikia kila neno, na sikuwa na nguvu ya kumwomba anyamaze. Kibanda chenyewe nilikuwa nimekisahau. Niliogopa jambo moja tu, kwamba nilimzika rafiki yangu kama mtu anayepita njia.

"Nililia?" nikauliza.

Dereva akanishika bega.

"Ulilia, mkwe. Ulitushinda sote."