Sale Juu ya Ubao

Asubuhi nilikuwa nafagia kaburi la babu. Krismasi imekaribia, watu wameanza kupanda huku mlimani kutoka Dar na Arusha, na mama hataki wageni wakute majani ya migomba juu ya babu.

Saruji ya kaburi hilo ndiyo sakafu pekee laini kihambani kwetu, katika shamba la migomba linalozunguka nyumba. Ndiyo maana kaka yangu Sirili alikuwa anachezea hapo skeitibodi yake, aliyoipata kwenye soko la mitumba la Memorial. Alinifundisha kuzunguka: unakandamiza mkia wa ubao, magurudumu ya mbele yanainuka, unajizungusha kama pia mpaka unarudi ulikoanzia. Mimi nilikuwa naishia nusu, naanguka.

"Meki, hata ubao unauonea aibu?" ananicheka.

Siku baba alipomkuta, alifoka. "Babu yako ni kiwanja?"

"Baba, si amechoka kulala tu? Namchangamsha."

Baba alimzaba kofi, akamwambia asikanyage tena hapa nyumbani. Sirili akaenda Dar, ubao akauacha. Krismasi iliyopita hakuja.

Leo niliutoa uvunguni. Nilijua baba kaenda kukata majani ya ng'ombe. Nikazunguka nusu, nikaanguka. Nikarudia, nikaanguka tena, goti likachubuka. Halafu nikazunguka mzima, nikasimama, na mbele yangu alikuwa baba, mzigo wa majani begani.

Nikaganda. Akautua mzigo.

"Ndivyo alivyokuwa anafanya?"

"Ndiyo, baba. Ila yeye haanguki."

 Akaenda mpakani mwa kihamba, akakata jani la sale, akalipiga fundo, akaliweka juu ya ubao. Kwetu ukiletewa sale lenye fundo lazima usamehe, hata kama hasira bado unayo. Sijawahi kuona mzazi akimpa mtoto.

"Mwandikie kaka yako," alisema, haniangalii. "Au hilo jani linapita kwenye simu?"

"Halipiti, baba. Nitamwambia tu."

Nikachukua simu ya mama, nikaandika: "Kaka, nimezunguka mzima. Baba kakufungia sale, liko kwenye ubao wako. Njoo."

Simu ikaonyesha ujumbe umefika. Baba aliniuliza wakati wa kula kama amejibu, akaniuliza tena alipokwenda kulala. Wote wamelala sasa, simu ninayo mkononi. Magari bado yanapanda.

Sirili hajajibu.