Gari Isilale

Kila gari liliposhtuka, Carine alijishika tumbo kwa mikono miwili, na mama mkwe wake aliyekaa kando yake akamkumbatia mtoto mchanga kwa nguvu zaidi, kana kwamba mtoto ndiye aliyeshonwa.

Musoki aliendesha kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa mpaka ukingoni. Mashimo ya Mudzipela aliyajua yote, na asubuhi hiyo aliyakwepa yote. Ila shida haikuwa mashimo. Gari likienda mbio lilikuwa laini kabisa. Likipunguza mwendo tu, pale sokoni ambapo watu na motari, waendesha pikipiki, wanabanana, lilianza kurukaruka mbele na nyuma kama mbuzi anayevutwa asikotaka kwenda.

"Dada, unihurumie," Carine alisema kwa sauti ndogo. "Nasikia nyuzi zinakatika."

Musoki aliomba msamaha mpaka mlangoni kwao, akamshusha taratibu, akarudi Rwambuzi. Gari halikuwa lake. Lilikuwa la Papa Constant, mfanyabiashara wa Butembo aliyelitoa Kampala. Nyumba ya kuzalia ya Rwambuzi ililikodi kuwarudisha nyumbani wanawake waliopasuliwa, kwa sababu mwenye kidonda cha tumbo huwezi kumpakia kwenye moto, ile pikipiki ya abiria. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha Musoki na mtoto wake Néhémie, waliokaa wawili tu ng'ambo ya bariere, kizuizi cha askari, kwenye njia ya Bogoro, ambako nyumba bado zinapangika kwa bei ndogo.

Mama Godelive, mkubwa wa wakunga, alikuwa anamngoja barazani. Mama mkwe wa Carine alikuwa ameshapiga simu.

"Musoki mwanangu, miye sikufukuze," alisema. "Lakini mwanamuke mwenye bamepasua hawezi kurushwarushwa sawa muhogo mu kitunga. Saa kumi na moja Wivine anarudi kwao, kule kwenu, ng'ambo ya bariere. Nitapanda naye miye mwenyewe. Ikiruka tena, kesho minaita gari ingine."

Musoki alimpigia Papa Constant. Yeye akasema neno lake la siku zote, kwamba wanaume walipoliendesha gari lile halikuruka, na kwamba kama boîte ya vitesi, lile sanduku la gia, imeharibika, atalikata gari auze vipande. Akakata simu kabla ya Musoki kusema asante.

Garaji ya Kamate ilikuwa kiwanja tu nyuma ya ukuta wa mabati, udongo wake mweusi kwa mafuta. Kamate alitoa kichwa chini ya gari lingine, akasikiliza maneno mawili matatu, akajifuta mikono.

"Hizi otomatiki za sasa? Boîte imekufa, mama."

"Muganga hatangaze kifo mbele ya kugusa mugonjwa."

Kamate akacheka, lakini Musoki hakucheka na wala hakutoka kwenye kiti cha dereva. Alisema hatoki hapo mpaka ajue gari linaumwa nini. Basi Kamate akaanza kazi. Alimwambia Musoki aukanyagie mtambo mafuta gari likiwa limesimama bila vitesi. Ukalia safi, bila kukohoa. Akafungua buji, zile plagi za kuwashia, akazitazama moja moja, zikawa na rangi nzuri. Akaingia chini kupapasa raba zinazoshikilia moteri, hakuna iliyopasuka. Mwisho akaleta valise, kile kidude cha kuzungumza na kompyuta ya gari, akakichomeka chini ya volani. Kioo hakikuonyesha ugonjwa wowote. Kilionyesha tu joto la ambreyaji, yaani klachi, na Kamate alikuna kichwa akasema joto hilo ni kubwa kidogo kwa gari lililokuja polepole hivi, lakini sababu yake haijui, asidanganye.

"Asubuhi hairuke," Musoki alisema.

"Vile gani?"

Alieleza. Akitoka nyumbani, gari linateleza, hata kwenye njia mbovu, hata likienda taratibu. Linaanza kuruka baada ya hapo. Kamate akauliza baada ya wapi. Musoki akafumba macho, akaipitia njia yake kichwani kama mtu anayetafuta alipoangusha ufunguo. Nyumba, kanisa, kisima, mlima.

"Baada ya bariere," alisema.

"Basi twende kwa bariere."

Bariere ilikuwa juu ya mlima, kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili, na askari wakiishusha na kuipandisha. Magari yalipanga mstari kwenye mwinuko. Kamate alikaa na valise mapajani, lakini hakutazama mbele. Alitazama miguu ya Musoki. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya kikanyagio cha mafuta, umegusa tu, na gari lilining'inia pale mlimani, halisimami, haliendi, likisogea kiganja kwa kiganja. Joto kwenye kioo likapanda, likapanda tena. Kisha ikaja harufu, kama ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi.

"Juu ya nini haukanyage freni?" Kamate aliuliza.

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Musoki swali hilo. Alikumbuka sauti ya mjomba wake, marehemu Katsuva, aliyeendesha lori miaka ile ya vita na ndiye aliyemfundisha volani. Kwa bariere gari isilale, Katsuva alisema. Ikuwe macho. Risasi zikilia, mwenye kusimama ndiye anabaki. Hakulisema mara moja. Alilisema kila siku ya mafunzo, mpaka likaingia kwenye kisigino cha msichana na kukaa humo. Na askari nao walitaka hivyo hivyo. Gari linalosimama mbali na kamba walilidhania linataka kugeuka kukimbia, kwa hiyo waliita mchana kutwa: songa, songa, kidogokidogo.

Alimweleza Kamate hayo yote. Kamate aligeuka akautazama mstari. Mbele na nyuma yao, magari yote yalikuwa yananing'inia, yakitetemeka, kila dereva mguu wake juu ya mafuta.

"Na miye naendeshaka vile vile," alisema. "Siye bote."

Akamweleza taratibu, kama anayejieleza mwenyewe. Boîte ya zamani iko na mafuta yanayoteleza ndani, inavumilia. Hii iko na ambreyaji mbili, tena kavu. Ni sawa wamama wawili wanaopokezana mtoto: huyu haachilii mpaka yule ameshika vizuri. Gari likienda, wanapokezana haraka na mtoto hajui. Ukitambaa, wote wawili wanashika nusunusu, wanasuguana, wanapata moto. Na mikono ikishapata moto, hata kule mbele wanapokezana kwa kurushiana.

Musoki alimwona mtoto huyo kabisa, shingo yake haijakomaa, hana wa kumshika. Akakanyaga freni mpaka chini. Gari likatulia, kama aliyeambiwa akae.

Walitoka kwenye mstari, wakafungua kifuniko, wakanunua mahindi ya kuchoma wakangoja joto lishuke. Kisha pale tambarare, kwa valise, Kamate aliifundisha boîte upya mahali pa kushika na mahali pa kuachia. Walipita sokoni Mudzipela kwa mwendo wa mguu. Gari lilishtuka mara moja, kidogo, kama anayeota, basi.

"Haijapona," Kamate alisema. "Imeshakwaruzwa. Lakini itakutumikia kama utaikataza kutambaa. Simama kabisa, ngoja nafasi, halafu wende mara moja."

"Na askari?"

"Askari?" Kamate akakunja waya wake. "Askari, miye sina valise yake."

Saa kumi na moja Wivine alilazwa kiti cha nyuma, mtoto wake kifuani, na Mama Godelive akakaa mbele, mkoba mapajani. Mpaka chini ya mlima safari ilikuwa njema. Halafu mstari.

Musoki alisimama mbali na gari la mbele, mguu wote kwenye freni. Gari la mbele likasogea kiganja. Hakusogea. Likasogea tena. Nyuma honi zikaanza. Askari alishuka akija, bunduki begani, akifanya ile ishara ya vidole.

"Songa, mama. Unaogopa nini? Uko na nini ndani?"

"Iko mwanamuke bamepasua, shefu. Nikitambaa, gari inamurusha. Ukifungua, nitapita mara moja."

Askari alitazama ndani, akatazama nafasi tupu mbele yake. Kisha akawapa ishara walio nyuma wapite. Wakapita, mmoja mmoja, wakitambaa, na harufu ya ambreyaji zao ikaingia dirishani. Mama Godelive alinong'ona kwamba asogee tu, mwanangu, askari asije akakasirika zaidi. Pikipiki moja ikalipuka bombani karibu nao, pa, na mwili wote wa Musoki ukataka kukimbia, sauti ya Katsuva ikipiga kelele kisiginoni. Mguu ukabaki kwenye freni.

Walipopita wote, jua lilikuwa limelala juu ya mabati. Askari aliwatazama kidogo tena, kama anayetafuta kosa asilione, akashusha kamba. Musoki akaenda mara moja. Vitesi zikapokezana. Nyuma, mtoto wa Wivine alipiga miayo bila kufungua macho.

Kwa akina Wivine, Mama Godelive alishuka akasema atarudi mjini kwa pikipiki, Musoki aende kwa mtoto wake. Kisha akainama dirishani.

"Kesho saa moja," alisema. "Usichelewe. Na kama askari akikuchelewesha, unipigie."

Musoki alifika nyumbani giza halijaingia. Kamba ile ya mlimani ilifungwa, walisema, kwa majuma machache tu, wakati Néhémie yuko tumboni. Sasa Néhémie alikuwa amefunga uzi wa kuanikia nguo toka mlango mpaka jiwe, na kijiti begani.

"Songa, mama," alisema, akichezesha vidole. "Kidogokidogo."

Musoki alisimama pale alipokuwa, miguu yote miwili chini.

"Hapana, papa," alimwambia mwanawe. "Fungua kwanza."